Kabla hujatengeneza tovuti yako ya kwanza, soma historia ya Tabora

Kimya changu kilikuwa kirefu, lakini leo nimerudi na maneno mengi, basi vuta kiti. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo ukilisikia utadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao: namna ya kutengeneza tovuti ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuitumia, awe haoni, haoni vizuri, mikono yake haimtii, au ana simu ya bei ndogo na bando la shilingi mia tano. Wataalamu wanaita jambo hili ufikivu. Neno zuri, ila nikilitamka sokoni Usinge watu watanicheka, kwa hiyo mimi nitasema tu "kusomeka". Wala usikimbie, sitaanza na kompyuta. Nitaanza na msafara.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo iligawanyika. Mkono mmoja ulikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, mwingine ukaenda magharibi hadi Ujiji, na kuvuka ziwa kuingia Kongo. Sisi wa Usinge tuko upande huo wa magharibi. Ukipanda treni Tabora unapita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, unapita Kaliua penye njia panda ya kwenda Mpanda, halafu unafika kwetu kabla ya mto Malagarasi. Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa waliifuata njia ile ile ya wapagazi. Kwa kifupi sisi ni watu wa njiani. Mambo mapya hutupitia, mengine yanashuka, mengine yanatupungia mkono dirishani.

Kimojawapo cha vilivyopita ni maandishi. Wengi tunadhani kwamba kabla ya shule za wazungu hapakuwa na mtu wa kusoma bara. Si kweli. Wafanyabiashara wa misafara waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: deni la fulani, pembe ngapi zimetoka, nani amefariki, njia imefungwa au iko wazi. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha kitabu kizima cha maandishi ya Kiswahili ya namna hiyo. Na Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa hapa Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi hizo hizo. Heinrich Brode ndiye aliyeyahamishia kwenye herufi za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903.

Halafu herufi zikabadilika. Wamisionari walikuwa tayari wanachapa vitabu vyao kwa herufi za Kirumi. Serikali ya Wajerumani ikafungua shule Tanga, na kuanzia mwaka 1904 pale shuleni likachapwa gazeti la Kiongozi, nalo kwa Kirumi. Makarani na maakida waliotoka shule hizo ndio waliopata kazi za boma. Waingereza walipokuja baada ya Vita vya Kwanza waliendelea hapo hapo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ili kunyoosha tahajia. Ya Kirumi, bila shaka.

Sasa hebu fikiria mzee mmoja wa Tabora wa miaka hiyo. Asubuhi anapokea barua kutoka Unguja, anaisoma yote, anacheka, anaijibu. Mchana anapita bomani, anakuta tangazo limebandikwa ukutani, kwa Kiswahili kile kile alichozaliwa nacho, na hawezi kusoma hata neno moja. Karani kijana anaandika kwenye daftari lake kwamba mzee huyu hajui kusoma. Macho yake ni yale yale. Lugha ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi.

Sitaki mnielewe vibaya. Mimi binafsi naona herufi za Kirumi zinakifaa Kiswahili vizuri zaidi. Kiswahili kina irabu tano na Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, kwa hiyo msomaji wa zamani alilazimika kukisia mara nyingi. Badiliko lile lilifungua mlango kwa mamilioni. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja ulipofunguliwa mwingine ulifungwa, na aliyefungiwa nje ndiye aliyeitwa mjinga.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja wa kwetu Usinge. Amemaliza kidato cha nne, anajifunza kutengeneza tovuti kwa kutumia simu na kompyuta ya kuazima. Tovuti yake ya kwanza inahusu mji wetu: bei ya tumbaku na asali, siku za treni, matangazo ya zahanati. Kazi nzuri, nilimsifu. Akaniambia, "Kaka, imekamilika, sasa naipendezesha tu." Nikamuuliza nani hataweza kuisoma. Akajibu bila kusita: "Asiyejua kusoma."

Ni jibu lile lile la karani wa bomani.

Twende kwa wasioona. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alitoa maandishi yake ya nukta mwaka 1829. Nukta sita tu, safu mbili za tatu tatu, na ukizipanga unapata herufi zote. Ilichukua zaidi ya miaka 100 hadi shule ya kwanza ya wasioona nchini mwetu ianze, Buigiri huko Dodoma, mwaka 1950, chini ya kanisa la Anglikana. Angalia ramani: Buigiri nayo iko Ugogo, kwenye ukanda ule ule wa misafara na reli! Tabora kwetu kuna Shule ya Furaha ya wasioona, na mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilianzisha hapo hapo Tabora shule ya kwanza ya viziwi nchini. Watu wanaijua Tabora kwa maembe, kwa asali na kwa shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Wachache wanaijua kama mji ambao kwa miaka 60 umekuwa ukiwafundisha watoto wasioona na watoto viziwi.

Fikiria maana yake. Mtoto aliyeitwa "hawezi kusoma" anapewa karatasi yenye nukta, na baada ya muda anasoma hadithi zile zile wanazosoma wenzake. Mtoto hajaponywa. Karatasi ndiyo iliyotibiwa.

Kuna kundi jingine ambalo historia yake inaniuma zaidi, watoto wenye ualbino. Wengi wao wanaona, ila hawaoni mbali wala herufi ndogo, na mwanga mkali unawaumiza. Kwa miaka mingi wengi walipelekwa shule za wasioona, na baada ya mauaji yaliyoanza kutikisa Kanda ya Ziwa na mikoa jirani miaka ya 2006 na 2007 walipelekwa huko kwa usalama wao pia. Sasa mtoto anayeona anakaa darasa la nukta, wakati mara nyingi alichohitaji ni kitabu chenye herufi kubwa, kiti cha mbele, kofia na kivuli.

Hapa ndipo tovuti ya yule kijana iliponishtua. Ana mdogo wake wa kike mwenye ualbino. Binti alichukua simu, akaisogeza karibu kabisa na pua, akatanua vidole viwili ili kukuza maandishi. Hayakukua. Akajaribu tena. Wapi! Kijana alikuwa amenakili msimbo kutoka mahali fulani, na ndani yake mlikuwa na agizo la maximum-scale=1, ambalo linaiambia simu isimruhusu mtu kukuza ukurasa. Hakujua hata kazi yake. Maneno machache yaliyonakiliwa yamemfungia nje mtu wa nyumbani kwake. Simu nyingine siku hizi hulipuuza agizo hilo, nyingine hulitii, ile ya binti ilitii. Tulilifuta pale pale. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila ukurasa kuharibika, na kwa ukurasa wa kawaida wa anayeanza hilo halihitaji kazi yoyote. Linahitaji tu usilizuie.

Na rangi je? Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza sana kwenye kompyuta iliyo ndani ya chumba chenye kiza. Kipeleke stesheni Usinge saa saba mchana uone kama utasoma hata wewe mwenye macho mazima. Kipimo kipo: tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Zipo programu za bure za kuipima, unaingiza rangi mbili unapewa jibu.

Lakini nisikimbilie mbele, maana kati ya nukta za Buigiri na simu ya binti kuna miaka mingi, na ndani yake kuna jambo ambalo nchi yetu ililifanya vizuri kuliko tovuti nyingi za leo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ilitaka wananchi wajue habari za malaria, kichocho, maji safi na vyoo. Ingechapa vijitabu tu, wasiojua kusoma wangeachwa. Ingetangaza redioni tu, watu wangesikia na kusahau. Ikafanya yote mawili na kuongeza la tatu: vipindi vya redio, kijitabu, na kikundi cha majirani chenye kiongozi aliyefunzwa. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Somo moja, njia tatu za kuingia. Asiyesoma alisikia, aliyekosa kusikia alisomewa, ambaye hakuelewa aliuliza. Na vyoo vilichimbwa kweli. Elimu ya watu wazima iliendelea hivyo hivyo, hadi mwaka 1986 serikali ikataja kwamba asilimia 90.4 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika.

Kumbe wazo la "habari ile ile kwa njia zaidi ya moja", ambalo leo vijana wanalisoma kama uvumbuzi wa California, babu zetu walilikalia kwenye mkeka wakiwa na redio ya mkulima katikati.

Kompyuta zenyewe zilikuja kwa kusuasua. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hasara na usumbufu wa mashine iliyokuwa Hazina. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Anwani ya .tz ilisajiliwa mwaka 1995. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwa bei ya kulia.

Na lugha? Kwa muda mrefu mashine ilisema Kiingereza tu. Kazi ya kuifundisha Kiswahili ilianzia pande kadhaa. Kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili ilianza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Na mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, tena ya bure. Watu walibishana sana kuhusu istilahi: ngamizi, tarakilishi au kompyuta? Sokoni ilishinda kompyuta, kwa sababu ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa watu. Mimi nalichukulia hilo kama somo la kwanza la urahisi wa kutumia: kitufe kiandikwe neno ambalo mtumiaji analo tayari. Kijana wetu alikuwa ameandika "Wasilisha" kwenye fomu yake. Tukabadilisha tukaweka "Tuma". Mama ntilie anajua kutuma, anatuma fedha kila siku.

Nimetaja fedha, basi niseme na hili. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008. Mwenye kiswaswadu alibonyeza *150*00#, akapata orodha fupi ya Kiswahili, akachagua namba. Hakuna picha, hakuna kusubiri ukurasa ufunguke, haihitaji bando. Kwa maoni yangu hakuna tovuti ya Tanzania iliyowahi kuwa rahisi kutumia kiasi hicho. Hata hivyo asiyeona mwenye simu isiyosema alibaki palepale: orodha iko kwenye skrini, na ili aipate lazima amwombe mtu amsomee, na mara nyingine amtajie namba ya siri. Unaona jinsi mlango mmoja unavyofunguliwa na mwingine unavyobaki na kufuli?

Haya, sasa tovuti zenyewe.

Mtandao wa kurasa aliouanzisha Tim Berners-Lee ulikuwa mwanzoni maandishi matupu, na maandishi matupu ni rafiki wa asiyeona, maana programu ya kusoma skrini inayatamka yote. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilileta picha ndani ya ukurasa. Ukurasa ukapendeza, na asiyeona akaanza kupotea. Mwaka 1997 shirika linalosimamia viwango vya mtandao, W3C, lilianzisha kitengo cha kushughulikia tatizo hili, na tarehe 5 Mei 1999 likatoa mwongozo wa kwanza. Mwongozo wa pili ulitoka mwaka 2008, ukaongezewa mwaka 2018 na tena mwaka 2023.

Kesi iliyoamsha watu ilikuwa ya Australia. Bruce Maguire, mtu asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 haisomeki kwake: picha hazikuwa na maelezo, na hakuweza kuzifikia orodha za michezo wala majedwali ya matokeo. Waandaaji wakajitetea kwamba kurekebisha kungechukua zaidi ya mwaka na mamilioni ya dola. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi wakasema ni kazi ya wiki chache. Maguire alishinda. Waandaaji hawakurekebisha yote, wakaishia kumlipa dola 20,000 za Australia. Jambo ninalolipenda katika kesi hiyo ni kwamba yale majedwali yangejengwa vizuri tangu mwanzo yasingegharimu kitu. Gharama yote ilitokana na kurudia. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza, ninyi mna bahati: tovuti yenu bado ni ndogo.

Mnataka kujua dunia imejirekebisha kiasi gani tangu hapo? Shirika la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 zenye wageni wengi. Mwaka 2024 lilikuta makosa yanayoonekana kwa mashine kwenye asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Maandishi hafifu yalikuwa kwenye asilimia 81, picha zisizo na maelezo kwenye asilimia 54.5, na asilimia 17.1 hazikutaja lugha ya ukurasa. Matajiri wa dunia hao. Kijana wa Usinge akimaliza mambo haya matatu amewapita wengi wao, na hajatumia senti.

Hili la lugha nalitilia mkazo kwa sababu ni letu hasa, na vitabu vya wazungu hulipita haraka. Mwanzoni mwa kila ukurasa kuna sehemu ya kutaja lugha. Violezo karibu vyote vinakuja vimeandikwa lang="en", yaani Kiingereza, na anayeanza anaviacha hivyo hivyo, kisha anaandika Kiswahili chini yake. Wewe mwenye macho huoni tofauti yoyote. Lakini programu ya kusoma skrini inaamini ilichoambiwa na kutamka Kiswahili chako kwa Kiingereza. "Mke wake" inakuwa "mke weik". "Pole" inakuwa "poul". "Mate" inakuwa "meit", na wilaya ya Same inakuwa "seim". Fikiria tangazo la zahanati, lenye tarehe za chanjo, likisomwa hivyo kwa mama asiyeona. Dawa yake ni herufi mbili. Badala ya en andika sw. Basi.

Na sauti ya Kiswahili ipo. Programu maarufu ya kusoma skrini, JAWS, iliuzwa kwa karibu dola 1,000, bei ya kumkatisha mtu tamaa. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kutengeneza NVDA na kuitoa bure. Inakuja na sauti ya eSpeak iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, na miongoni mwa lugha zake kimo Kiswahili. Sauti yake ni ya kiroboti, inakwaruza masikio, lakini inasoma "wake" kama wake. Kwenye simu za Android kuna TalkBack tangu mwaka 2009. Kwa hiyo usiseme wasioona wa kwetu hawana vifaa. Mara nyingi vifaa vipo, ukurasa ndio unavisaliti.

Tukija kwenye picha, ugonjwa wetu Watanzania ni tangazo lililopigwa picha. Karatasi inachapwa, inagongwa muhuri, inapigwa picha, na picha inapandishwa mtandaoni. Kijana wetu alifanya hivyo kwa ratiba ya treni: alipiga picha karatasi ya ukutani, muhuri na vumbi na vyote. Asiyeona atasikia neno "picha" na kimya. Mwenye bando dogo atalipia picha nzima ili apate saa moja ya kuondoka. Anayetafuta kwa Google hataipata vizuri. Binti mwenye uoni hafifu akiikuza, herufi zinageuka ukungu. Mtu mmoja mvivu kuandika mistari kumi, hasara ya wanne! Ratiba ni maandishi, iandikwe kwa maandishi, kwenye jedwali lenye vichwa vya safu vilivyotajwa kuwa vichwa. Picha ya kweli, kama ile ya mizinga ya nyuki aliyoiweka juu, ipewe maelezo kwenye alt: "Mizinga ya magome juu ya mti wa mninga, msitu wa karibu na Usinge." Si "picha1". Si "mizinga mizinga asali bora Tabora" ili kuihonga Google.

Uzito nao ni mlango. Mwaka 2010 ukurasa wa kawaida duniani ulikuwa na karibu nusu megabaiti. Sasa umepita megabaiti 2, hata ule wa kwenye simu. Wa Dar es Salaam hatajali. Wa Usinge anauhesabu. Kijana alikuwa ameweka video inayojicheza yenyewe juu ya ukurasa, ikionyesha treni ikipita. Alipinga sana nilipomwambia aitoe, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Tukakubaliana ibaki kwenye ukurasa wake yenyewe, na kiungo kiseme wazi ni video na ina megabaiti ngapi. Aliyeshiba bando atakwenda kuiona.

Sheria nayo ipo, msidhani ninahubiri hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwezi Desemba 2006, na kifungu cha 9 kinataja intaneti kwa jina lake. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wa umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Katika kila wasomaji tisa, mmoja. Ungefungua duka Kaliua kwa nia ya kumfukuza mteja mmoja katika kila tisa?

Kwa anayetaka kupima kazi yake leo hii, hahitaji mtaalamu. Weka mausi pembeni, au ichomoe kabisa, utembee ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab peke yake. Kama hujui uko wapi, au umefika kwenye menyu ukashindwa kutoka, hata mtu ambaye mikono yake inatetemeka atakwama hapo hapo. Zima picha uone kama habari inabaki. Soma viungo vyako peke yake bila sentensi zake, kama anavyovisikia asiyeona akiomba orodha ya viungo: "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Hapa wapi? Andika "Bei ya asali wiki hii". Hakikisha kila kisanduku cha fomu kina lebo yake ndani ya msimbo, si maandishi ya kijivu yanayotoweka ukianza kuandika. Na vichwa vya habari viwe vichwa kweli, h1 kisha h2, maana asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho gazetini. Kukoleza wino tu hakumsaidii.

Mwisho mpe simu mtu ambaye hakuiona kazi ikijengwa, ikiwezekana mwenye umri mkubwa kuliko wako. Mwambie atafute siku ya treni ya Kigoma. Halafu nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kunyamaza, mdomo utakuwasha kumwambia "hapo juu mama, bonyeza hapo". Usimwambie. Tazama kidole chake kinakwenda wapi kwanza, na mahali kilipokwenda ndipo kitufe kinapotakiwa kuwa.

Viziwi sijawatendea haki leo, nimewataja mara moja nikapita. Habari ya video, maandishi ya chini yake na Lugha ya Alama ya Tanzania ni ndefu na inataka siku yake. Nikitoka Tabora nitaileta.